Maua ya Sebuleni Yanayomuua Paka na Mbwa: Jua Jina la Kila Chungu

Si ajabu siku hizi kubisha hodi katika nyumba mtaani Buruburu jijini Nairobi, Nyali kule Mombasa au Milimani mjini Kisumu, ukakuta mmea wa majani mapana chunguni karibu na mlango, na paka au mbwa mdogo amejilaza kando yake. Mmea umenunuliwa kwa muuza miche wa kando ya barabara. Mnyama ameletwa na watoto, au aliokotwa akitetemeka mvuani. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mmea huo na mnyama huyo wanaweza kukaa chumba kimoja kwa usalama.

Swali hilo ndilo somo letu la wiki hii. Huenda ukashangaa kwa nini daktari wa watu anaandika kuhusu paka na mbwa. Sababu ni tatu. Kwanza, wagonjwa huniuliza. Mtu huja kupimwa shinikizo la damu, na kabla ya kutoka hutaka kujua ampe nini mbwa wake anayetapika. Pili, mmea unaomdhuru mbwa aghalabu humdhuru pia mtoto anayetambaa, kwa kuwa wote wawili huvijua vitu kwa kuvitia kinywani. Tatu, mnyama anapokufa ghafla, watu wengi hawatafuti chanzo ndani ya nyumba. Humtuhumu jirani, bawabu au wezi kuwa wamemtupia nyama yenye sumu. Ni kweli kwamba kuna wanaotupa nyama ya aina hiyo. Lakini kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya, tazama kwanza vyungu vyako vya maua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mimea mingi ya nyumbani huunguza kinywa cha mnyama na kumtapisha, kisha yakaisha. Ni michache inayoua. Hatari ni kwamba siku ya kwanza makundi haya mawili hufanana, na baadhi ya mimea inayoua humwacha mnyama aonekane amepata nafuu kabla hajazidiwa. Mwenye kujua jina la mmea hujua kama ana siku za kungojea au ana saa chache tu. Asiyelijua hungoja, na mara nyingi kungoja ndiko kunakomuua mnyama.

KWA NINI WATAFUNE MAJANI?

Watu husema kuwa mnyama anajua kilicho na sumu, na hawezi kukila. Jambo hilo si la kutegemewa. Mbwa mdogo anayeota meno hutafuna kiatu, waya na shina la ua bila kuchagua. Paka, ijapokuwa ni mla nyama, ana desturi ya asili ya kula majani. Paka anayeishi ghorofa ya nne asikoweza kufikia nyasi atayala yaliyoko, nayo ni yale ya chunguni. Isitoshe, mimea mingi ya mapambo asili yake ni Amerika ya Kusini au Asia, na wanyama wetu hawajapata kuizoea.

Ikumbukwe pia kuwa paka si mbwa mdogo. Ini la paka limepungukiwa na uwezo wa kuzigeuza sumu na dawa fulani ambazo ini la mtu au la mbwa huzigeuza na kuzitoa mwilini. Ndiyo maana kitu kinachompita mbwa kwa kuharisha tu kinaweza kumuua paka.

YUNGIYUNGI: ADUI MKUBWA WA PAKA

Kama una paka, ua la kuogopa kuliko yote ni yungiyungi la kweli. Ni lile linalouzwa kwa ajili ya harusi, Pasaka na mazishi: shina limesimama wima, majani membamba mengi, ua kubwa lenye umbo la tarumbeta au nyota, petali sita, na katikati nyuzi sita ndefu zenye chavua ya rangi ya kahawia au ya machungwa ambayo hutia madoa kwenye nguo. Yapo meupe, ya waridi, ya manjano na yenye vitone. Jamaa yake wa bustanini ambaye kila ua lake huchanua kwa siku moja tu na kunyauka ana sumu hiyo hiyo.

Kila sehemu ya yungiyungi ni sumu kwa paka: jani, petali, shina, chavua, hata maji ya chombo lilimowekwa. Paka hahitaji kulila ua zima. Inatosha chavua imwangukie mgongoni, naye ajilambe kama walambavyo paka wote. Wataalamu hawajaitambua kemikali yenyewe, lakini kazi yake inajulikana vyema. Huziua chembe za figo.

Fuata mpangilio wa saa, maana hapo ndipo watu hupotea. Katika saa 12 za kwanza paka hutapika, hutokwa na mate, hukataa chakula na kujificha. Baada ya hapo kutapika hupungua, na mwenye nyumba hushukuru. Kumbe figo zinaendelea kufa. Kati ya saa ya 24 na ya 72 paka hunywa maji mno na kukojoa sana, kisha mkojo hukatika kabisa. Bila matibabu hufa katika muda wa siku 3 hadi 7.

Mwalimu mmoja anayekuja kwangu kutibiwa aliletewa shada la mayungiyungi baada ya kumzika mamake. Aliliweka juu ya meza ya kulia, akawa anapangusa chavua kitambaani kila asubuhi. Jumamosi paka wake alitapika mara mbili. Jumapili alitulia. Jumatatu alikuwa chini ya kitanda, hali wala hanywi. Mwalimu hakuwa na shaka yoyote: jirani wa ghorofa ya juu, aliyewahi kulalamikia kelele za paka huyo, ndiye aliyemwekea dawa ya panya. Maneno makali yalirushwa kwenye ngazi mbele ya watoto. Daktari wa mifugo alipompima paka damu alikuta figo zimeharibika, akauliza swali moja tu: "Kuna maua nyumbani?" Paka alikufa Jumanne. Jirani aliombwa radhi, lakini maneno yaliyokwisha kusemwa hayarudi kinywani.

Paka huyo angeweza kupona. Paka akifikishwa kwa daktari mapema, kabla ya saa 18 kupita tangu ale, na akawekewa dripu kwa siku 2 au 3, wengi hupona. Figo zikishasimama, ni vigumu sana kumwokoa.

Usichanganye majina. Lile ua jeupe linaloota penye majimaji, lenye petali moja iliyokunjwa kama faneli kuzunguka kidole cha manjano, huitwa yungiyungi na wauzaji wengi. Hali kadhalika mmea wa sebuleni wenye majani ya kijani kibichi na ua jeupe lenye umbo la kijiko. Yote mawili si yungiyungi la kweli. Huunguza kinywa lakini hayagusi figo. Alstromeria, ua dogo lenye michirizi linalokuzwa hapa Kenya na kuuzwa katika maduka makubwa, nalo halina sumu ya figo. Mbwa akila yungiyungi la kweli huumwa tumbo, ila figo zake hazidhuriki kama za paka.

MTAPO NA MBWA

Kama mbwa ana adui wa aina hiyo, ni mtapo na jamaa zake. Mtapo wetu wa Pwani unajulikana tangu zamani. Ule unaouzwa vyunguni mara nyingi ni wa asili ya Japani: shina fupi nene lenye magamba, na juu yake duara la majani magumu kama ya mnazi mdogo. Wauzaji huuita mnazi au mtende wa mapambo, ingawa si mnazi wala mtende.

Sehemu zote za mmea huo zina sumu, na mbegu zimezidi zote. Mbegu hizo ni kubwa na nyekundu au za rangi ya machungwa, na mbwa huzichezea kama mipira. Mbegu 1 au 2 zinatosha kumuua. Katika nchi mbalimbali watu wamepata kula wanga wa mimea ya jamii hii wakati wa njaa, lakini baada ya kuuloweka na kuuchachusha kwa siku nyingi ili sumu itoke. Mbwa haloweki kitu.

Mbwa aliyekula mtapo huanza kutapika katika saa chache, pengine kwa damu. Baada ya siku 2 au 3 ini huanguka. Ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, damu hushindwa kuganda, tumbo hujaa maji, kisha huja mtukutiko. Hata chini ya matibabu mbwa wengi hufa. Kwa hiyo usingoje dalili. Mbegu ikipotea chunguni na mbwa yuko karibu, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.

MIMEA INAYOGUSA MOYO

Sisi madaktari tunayo dawa ya moyo iitwayo digoksini. Asili yake ni mmea. Ikitolewa kwa kipimo kidogo humsaidia mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, na ikizidi kidogo tu humsimamisha moyo. Kuna mimea ya mapambo iliyobeba sumu za jamii hiyo, bila kipimo wala maelezo ya daktari.

Wa kwanza ni oleanda, kichaka chenye majani membamba magumu na maua ya waridi, meupe au mekundu, kinachopandwa uani na kando ya barabara. Majani machache, mabichi au makavu, yanaweza kumuua mbwa. Wa pili ni waridi la jangwani, lenye shina lililovimba kama chupa na maua ya waridi. Uzuri wake umelifanya kipenzi cha roshani nyingi za mijini, lakini utomvu wake umetumiwa Afrika kutia sumu kwenye mishale. Sumu yake inafanana na ile ya akokanthera, mti ambao wawindaji wa Ukambani na Ugiriama waliutumia kwa kazi hiyo. Wa tatu ni kalankoe, mmea mfupi wa majani manene na vishada vya maua madogo ya kila rangi, ambao huuzwa katika vyungu vidogo vya kupeleka zawadi. Huyu si mkali kama wenzake, lakini paka akila mwingi yuko hatarini.

Dalili ni kutapika, kuharisha, kulegea, moyo kupiga polepole au bila mpangilio, kisha kuanguka. Mtoto aliyetafuna oleanda au waridi la jangwani naye apelekwe hospitali bila kungoja dalili yoyote.

JANA, LEO NA KESHO

Nyua nyingi za Nairobi zina kichaka ambacho maua yake huchanua ya zambarau, siku ya pili yakapauka, siku ya tatu yakawa meupe. Ndipo kikaitwa Jana, Leo na Kesho. Harufu yake ni tamu jioni. Vitunda vyake huwavutia mbwa, na pia majani na maua yake yana sumu inayoshambulia neva. Mbwa hutetemeka, hukakamaa kama ubao na kupigwa na mtukutiko. Wengi hudhani amelishwa sumu na wezi. Mbwa huyo anaweza kuokolewa, lakini atahitaji dawa za kutuliza mtukutiko na pengine siku kadhaa chini ya uangalizi. Ukiwa na mbwa, okota vitunda vikianguka, au afadhali ung'oe kichaka chenyewe.

WANAOUNGUZA KINYWA

Kundi hili ndilo kubwa, na bila shaka unao mmoja wao. Difenbakia ana majani mapana yenye madoa meupe. Kuna mtambaazi wa majani yenye umbo la moyo na michirizi ya manjano ambao watu huuita mmea wa pesa. Wapo pia filodendroni, monstera mwenye majani yaliyotobokatoboka, na zamiokulka, mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao ulimwengu mzima huununua kwa sababu haufi haraka. Asili ya huyu wa mwisho ni misitu ya Afrika Mashariki.

Ndani ya majani hayo mna fuwele za kalisi oksaleti zilizochongoka kama sindano, ndogo zisizoonekana kwa macho. Mnyama akiuma, sindano hizo humchoma ulimi, ufizi na koo. Hapo hapo hutokwa na udenda, hujikuna uso kwa makucha, hukataa chakula na pengine kutapika. Uzuri ni kwamba maumivu humfanya aache kabla hajala mwingi. Mwoshe kinywa kwa maji safi na umpe maji ya kunywa. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Lakini ulimi ukivimba hadi apumue kwa shida, hiyo ni dharura.

Ni vivyo hivyo kwa mtoto. Nimewaona watoto wa mwaka mmoja na nusu wakiletwa midomo imevimba, hawawezi kulia kwa sauti. Mama huogopa sana, na ana haki. Msafishe mtoto kinywa kwa kitambaa chenye maji, usimtapishe, na uje naye hospitali pamoja na jani alilotafuna.

WANAODHANIWA WABAYA NA WANAODHANIWA WEMA

Poinsetia, yule wa majani mekundu yanayoonekana sana Desemba, amesingiziwa mno. Utomvu wake mweupe huwasha kinywa na tumbo kidogo, lakini ni nadra kuleta madhara makubwa. Jamaa yake mnyaa, unaotumiwa kwa ua wa boma, ni mkali zaidi. Utomvu wake ukiingia jichoni, liwe la mtu au la mnyama, unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Osha jicho kwa maji mengi na upate daktari.

Kwa upande wa pili kuna mshubiri. Kwa kuwa tunaupaka ngozini na wengine kuunywa, watu hudhani ni salama kwa kila kiumbe. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani humharisha sana mbwa na paka, hata maji yakampungukia mwilini. Halikadhalika ile mimea ya jamii ya mkonge, yenye majani marefu kama upanga, huwatapisha wote wawili. Hawa kwa kawaida hawaui, ila mnyama mchanga anayetapika na kuharisha kwa siku nzima naye ana haki ya kuonwa na daktari.

MATE YAKIMTOKA MBWA: NI UA AU NI KICHAA?

Hapa nasema kama daktari wa watu hasa. Mbwa anayetokwa na mate na povu huenda ametafuna difenbakia. Huenda pia ana kichaa cha mbwa. Katika nchi yetu ugonjwa huo bado upo, na mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unakusudia kuutokomeza ifikapo 2030. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Kwa hiyo kama mbwa hajachanjwa, au tabia yake imebadilika kwa siku kadhaa, au anayumba na kuuma ovyo, usitie mkono kinywani mwake kutafuta jani. Mfungie mahali na umwite daktari wa mifugo. Mtu akiumwa, au mate yakigusa kidonda, sehemu hiyo ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe chanjo. Kwa upande mwingine, mbwa aliyechanjwa kila mwaka, na ambaye jani lililotafunwa lingali sakafuni, asipigwe mawe kwa kudhaniwa kichaa. Cheti cha chanjo kimewaokoa mbwa wengi wasiokuwa na hatia.

UKIGUNDUA AMEKULA

1. Mwondoe mnyama penye mmea. Kama ametulia, toa vipande vilivyobaki kinywani na umwoshe kwa maji. Kama ni chavua ya yungiyungi, mfute au umwogeshe mara moja, na umzuie asijilambe.

2. Tazama saa. Andika ulipomkuta, na ukadirie amekula kiasi gani.

3. Chukua tawi lenye jani na ua, ulitie ndani ya mfuko wa karatasi. Picha ya simu pia hufaa. Kama ametapika, beba na matapishi.

4. Mpigie daktari wa mifugo ukiwa njiani. Kwa yungiyungi, mtapo, oleanda, waridi la jangwani na Jana, Leo na Kesho, usingoje dalili.

5. Usimtapishe mwenyewe kwa chumvi, sabuni, mafuta au kidole. Chumvi nyingi ni sumu peke yake, na mnyama aliyelegea anaweza kuvuta matapishi mapafuni.

6. Usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Maziwa hayatangui sumu ya yungiyungi wala ya mtapo. Kazi yake ni kukupotezea saa ambazo mnyama alizihitaji.

Daktari wa mifugo ana sindano ya kumtapisha mbwa kwa usalama, makaa ya dawa ya kunyonya sumu tumboni, dripu na vipimo vya damu vya figo na ini. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo si lazima awe daktari, ajapovaa koti jeupe. Tafuta leo, kabla ya dharura, daktari aliye karibu nawe anayepokea wanyama usiku, na ubandike nambari yake penye nambari ya hospitali ya watoto wako.

DAWA ZAKO SI DAWA ZAKE

Nisisitize jambo hili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Usimpe paka parasetamoli, hata nusu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ini lake haliwezi kuishughulikia dawa hiyo, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya matope na uso huvimba. Ibuprofeni nayo humpa mbwa vidonda vya tumbo na kumharibia figo. Watu wengi wenye nia njema wameongeza sumu ya pili juu ya ile ya ua.

KINGA

Huna haja ya kuitupa kila mimea. Jioni hii zunguka nyumba yako na kalamu. Andika jina la kila chungu. Usilolijua, piga picha ya mmea umwonyeshe muuza miche anayeaminika, au mtu wa kilimo cha maua. Yungiyungi la kweli lisiingie kamwe penye paka. Kuliweka juu ya kabati hakusaidii, maana paka hupanda na chavua huanguka. Ukiletewa shada, lichambue mlangoni kabla ya kushukuru kwa kulikumbatia. Mtapo usiwe penye mbwa. Wale wanaounguza kinywa waning'inizwe juu, mbali na mtoto na mnyama pia.

Ipo mimea isiyo na sumu kwao. Waridi la kawaida lina miiba tu. Urujuani wa Afrika, ua dogo ambalo asili yake ni milima ya Usambara nchini Tanzania na sehemu za karibu za Kenya, na ambalo wanasayansi walilipa jina mwaka wa 1893, linaweza kukaa dirishani bila wasiwasi. Wamo pia mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe unaoshusha vijimiche kama buibui, na majani mengi ya kangaga. Kwa paka wa ghorofani, pandia punje za ngano au shayiri chunguni. Baada ya siku chache atakuwa na nyasi zake, na atakuwachia maua yako.

Ukimaliza orodha yako, ibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni na umwonyeshe yaya, kwani yeye ndiye mara nyingi hubaki na mtoto, paka na mbwa mchana kutwa. Siku mnyama atakapotapika wewe ukiwa kazini, ataweza kukusomea kwa simu jina la mmea uliotafunwa.